Zamu ya Generose Kumpiga Kapita

Mwezi ule wa uhuru, watu wa Sange hawakutaka mchezo mwingine wa kuigiza ila ule wa Kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba ya Wazungu. Ulichezwa mchana, uwanja ule ule wa kupimia pamba. Mwisho wake kila mtu aliujua: watazamaji wanapanda jukwaani, kila mmoja anampiga Kapita mara moja kwa bua kavu lisiloumiza. Watu walitembea toka Runingu na Lubarika kwa ajili ya pigo hilo moja tu!

Generose hakupanda hata siku moja. Marehemu mumewe alichapwa fimbo na kapita wa kweli pale pale, mbele ya mizani, yeye akitazama na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Inamahoro. Na nani kaja kumposa? Révérien, yule anayeigiza Kapita! Jamani, mambo gani hayo? Generose alikwisha kuirudisha pombe ya posa mara mbili.

"Mama, ni mchezo tu," Inamahoro alimsihi.

"Mchezo? Muntu hawezi kucheka vile na fimbo mukononi kama haiko ndani yake. Miye nimekataa."

Siku hiyo upepo wa ziwani uliinua nyuzi za pamba, zikaelea polepole juu ya vichwa vya watu. Révérien akatokea na koti la kaki, akacheka kile kicheko chake. Uwanja ukanguruma. "Mushenzi weye! Leo utatuona!" Generose akazisikia kelele zikienda mbali, mbali zaidi, kama yuko chini ya maji. Hakumwona tena Révérien. Aliona mizani, jua, na mumewe kalala kifudifudi. Alipozinduka alikuwa jukwaani, bua mkononi, Révérien mbele yake.

"Vua koti," akasema. Maneno hayo hayakuwamo mchezoni.

"Mama, koti tena..."

"Vua! Mume wangu walimuvua."

Révérien akavua, akageuka, akapiga magoti. Mgongo wake ulikuwa na makovu marefu ya zamani, yamepishana toka mabegani hadi kiunoni. Unyuzi wa pamba ukatua begani pake. Generose aliyajua makovu ya namna ile. Kwa miaka aliyapaka mawese mgongoni mwa mumewe, mpaka alipofariki.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu, mama. Yule kapita wa kweli alikuwa anacheka hivyo akinipiga. Kile kicheko ni chake, sijakisahau."

Machozi yakamtoka Generose mbele za watu, wala hakuona aibu.

"Piga, mama! Iko zamu yako!" mtu akapaza sauti toka nyuma, wenzake wakamnyamazisha.

Akaliweka bua chini. Akafungua kitenge alichojitanda, akamfunika nacho mgongo.

"Kesho lete pombe tena," akamwambia. "Lakini ile koti uiache hapa."