Chujio la Verlyn

Keekee ya petroli ya Verlyn ilikata barafu inchi nne, ikakohoa, ikazima. Ziwa lao la Minnesota lilikuwa limeganda inchi ishirini, na Ardis, dada wa mkewe, alikuwa bado hajatia ndoana majini.

“Petroli ya mwaka jana hiyo,” Ardis alisema.

“Ya jana, shemeji. Na plagi ni mpya.”

Ardis aliifungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa. “Inanyweshwa mafuta, inanyimwa hewa,” akasema, akavua glavu na kufungua kifuniko cha kabureta. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu, kinanata. Alikivuta kwa vidole viwili, kikarefuka mpaka kisigino kikatokeza.

“Verlyn, hii ni soksi?”

“Niliona haina chujio la hewa, nikaiwekea.”

“Barafuni kuna vumbi gani la kuchujwa? Basi hata kuifua hukuifua!”

“Niliivaa siku mbili tu.”

Ardis aliitupa soksi, akasugua vidole kwa theluji mpaka vikawa vyekundu. Aliikausha plagi, akairudisha. Alipovuta kamba, mashine ilinguruma na kuitoboa barafu yote, maji yakafurika.

Verlyn alichekelea. Akaokota soksi, akaikamua, akaitia mfukoni. Kutoka mfuko uleule akatoa soseji, akaikata vipande viwili.

“Karibu, shemeji.”

Ardis aliibeba keekee, akaenda kutoboa shimo lake mbali, upande unakotoka upepo.