Amina ya Gitobu

Kwa heshima na taadhima, na bila chembe ya msamaha moyoni, naeleza hapa jinsi Bwana Gitobu wa Githongo alivyoadhibiwa mchana kweupe, akiwa amevaa suti, mbele ya watu aliowaalika mwenyewe.

Kosa lake lilikuwa hili. Anti Winrose, mdogo wake mama, alikodi chumba katika jengo la Gitobu akafungua duka la kuuza kahawa kwa kikombe. Watu walicheka. Huku kwetu kila boma lina kahawa mpaka karibu na mlango wa jikoni, lakini wenyewe tunakunywa chai. Kahawa ni kitu cha kuchuma, kupeleka kiwandani na kulalamikia. Babu yangu aliipalilia maisha yake yote na sidhani aliwahi kuionja.

Anti alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli moja Embu, na huko ndiko alikojifunza. Alirudi na mashine ya chuma ya kusaga kahawa, ya kuzungusha kwa mkono, akaifunga kwa boliti kwenye kaunta. Alianika kahawa ya shamba letu, akaitwanga kwenye kinu kuondoa maganda, akaikaanga kwenye sufuria nzito juu ya makaa, akiikoroga kwa mwiko bila kupumzika mpaka ikapata rangi ya kiatu cha shule kilichopigwa rangi vizuri.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee Kailemia, mkongwe kuliko wazee wote wa kanisa letu. Alikuja kucheka. Akanywa kidogo, akatazama ndani ya kikombe.

"Winrose, hii ndiyo ile yetu?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Hii hii tunayopeleka kiwandani?"

"Hiyo hiyo."

Mzee akanywa tena. "Na tumekuwa tukiwapa watu wengine miaka hii yote?"

Baada ya hapo duka lilijaa. Walimu walikuja, makarani walikuja, wakulima walikuja kuonja miti yao wenyewe. Gitobu alikaa ng'ambo ya barabara akihesabu vichwa. Yeye ni mwenye jengo, mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya, na ana sauti inayotikisa mabati. Mwezi ule ule akamwambia Anti kwamba anakitaka chumba chake. Anti alipokuja kuchukua mashine, Gitobu alisema kitu kilichofungwa kwa boliti ni sehemu ya jengo. Akafunga mlango kwa kufuli.

Anti akarudi Embu kuosha vikombe vya wengine. Gitobu akapaka ukuta rangi mpya, akaandika KAHAWA TAMU YA GITHONGO. Wateja walipouliza Winrose yuko wapi, aliwaambia kwa furaha kubwa kwamba ameolewa Kiambere, na mwanamume wa huko kwenye bwawa la umeme, ndoa nzuri kabisa. Mji mzima ukafurahi. Jumapili iliyofuata mzee Kailemia akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ndoa hiyo, kwa kirefu, kama ilivyo desturi yake. Mama hakuwapo kanisani siku hiyo, na watu hawamwelezi mtu habari za mdogo wake mwenyewe.

Hayo yote yalitokea nikiwa shuleni, bweni, mahali ambapo habari hufika zikiwa zimelala. Likizo ya Agosti ilipoanza nilimkuta Anti nyumbani, amekuja kututembelea mwisho wa wiki.

"Anti, mumeo hajambo?"

"Mume gani, Kajuju?"

Nikamweleza nilivyoambiwa sokoni. Akakaa kwenye kigoda, akaangalia mikono yake. Zamani ilikuwa na harufu ya kahawa. Sasa ilikuwa na harufu ya sabuni ya kuoshea vyombo.

"Kwa hivyo ndiyo maana hakuna mtu amenitafuta," akasema.

"Twende tukamvue nguo hadharani!"

"Nyamaza. Yeye ni mzee wa kanisa, mimi ni nani? Chumba akae nacho. Mimi nataka mashine yangu tu. Nikiipata, naweza kuanza hata chini ya mwavuli. Bila hiyo nitaosha vikombe mpaka nizeeke."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba mpaka nimechoka. Ananiuliza kama nimewahi kuona mtu akihama na dirisha."

Nilienda kukaa nyuma ya choo, ambako hufikiri vizuri. Nina uzoefu. Kamati ya nidhamu ya shule yetu imewahi kuniita kuhusu kengele iliyolia yenyewe, na tena kuhusu mbuzi wa naibu wa mwalimu mkuu, na mara zote mbili ilikosa ushahidi. Kwanza nikafikiria kutia chumvi kwenye sukari ya Gitobu. Kazi ya kidato cha kwanza. Nikafikiria chura ndani ya birika. Chura hana kosa. Kisha nikasikia mama akisema jikoni kwamba Gitobu atafungua duka rasmi Jumamosi, na mchungaji atakuja kuomba.

Nikaondoka moja kwa moja hadi shambani kwa mzee Kailemia. Alikuwa akichuma kahawa, kikapu kiunoni.

"Kajuju, mwari, mmefunga shule ama umefukuzwa?"

"Tumefunga, mzee."

"Bwana asifiwe. Na Winrose? Kiambere wanasemaje?"

"Mzee, Anti hajaolewa. Kiambere hajawahi hata kukanyaga. Gitobu alimtoa kwenye chumba, akabaki na mashine yake, halafu akawadanganya. Anti yuko nyumbani sasa hivi anachambua maharagwe."

Mzee akashusha kikapu chini polepole.

"Lakini nilimshukuru Mungu."

"Ulimshukuru, mzee. Nimeambiwa yalikuwa maombi ya nguvu."

"Nilimtaja huyo mume. Niliomba asianguke ndani ya bwawa."

"Hakuna wa kuanguka, mzee."

"Kwa hivyo nimesimama madhabahuni nikamwambia Mungu uongo."

"Wewe uliupeleka tu. Mwenye kuutuma ni mwingine."

Alitazama mlima kwa muda mrefu, kana kwamba anaangalia kama huko juu kuna mtu aliyekasirika. "Hiyo lazima irekebishwe," akasema. "Kwa njia ile ile ilivyopelekwa."

"Jumapili ni mbali, mzee," nikasema kwa unyenyekevu mkubwa. "Jumamosi kuna maombi palepale dukani."

"Sijaalikwa."

"Kwani mzee wa kanisa hualikwa kwenye maombi?"

Akaokota kikapu chake. "Njoo unichukue mapema," akasema.

Jumamosi kulikuwa na hema, viti vya plastiki na maputo. Gitobu alikuwa amechemsha kahawa tangu asubuhi kwenye sufuria la harusi, pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, jinsi mtu anavyochemsha chai, kwa sababu hakujua namna nyingine. Vikombe vilikuwa vimejazwa tayari na kugawiwa. Alitaka watu wapigwe picha wakiviinua. Ndani, mashine ya Anti iling'aa juu ya kaunta, imefungwa utepe mwekundu.

Nilimkalisha mzee Kailemia mstari wa mbele, karibu kabisa na mlango. Anti nilimwambia tunapita tu kwenda kununua nyanya. Alisimama kando ya barabara, kitambaa cha kichwa kimevutwa mpaka kwenye nyusi.

Mchungaji Mugambi akasimama kuomba, akamwona mzee. Huku kwetu kijana wa miaka arubaini haombi wakati mzee wa miaka themanini amekaa tu na fimbo yake.

"Kumbe tuko na mzee wetu," mchungaji akasema. "Mzee Kailemia, tuongoze."

Tabasamu la Gitobu likaanguka. "Kwa ufupi tu, mzee wangu. Kahawa isipoe."

"Macho yafungwe," akasema mzee Kailemia.

Yakafungwa. Yangu hayakufungwa, maana kazi ya ushahidi ni lazima ifanywe na mtu.

Lazima ieleweke kwamba mzee Kailemia akiomba haendelei mbele mpaka aitikiwe. Alishukuru kwa mvua. "Amina!" ikanguruma sauti ya Gitobu juu ya sauti zote. Alishukuru kwa barabara, kwa kiwanda, kwa madaktari, kwa watoto walio shuleni na wale waliofukuzwa. "Amina!" Aliwaombea wagonjwa kwa majina. Kwenye vikombe utando wa maziwa ukaanza kujikunja. Nzi mmoja akatua katika kikombe cha mwalimu Nelius, wa shule ya msingi, akabaki huko.

"Bwana," mzee akaendelea, "Jumapili ile nilikuambia Winrose ameolewa Kiambere. Ulinisikiliza, ukaninyamazia, nami sasa najua kwa nini. Bwana, hajaolewa. Nilidanganywa na mwenye nyumba hii. Futa maneno yale."

Macho yakaanza kufunguka moja moja.

"Sijasikia amina."

"Amina!" akasema mwalimu Nelius kwa nguvu, na wengine wakafuata.

"Alimtoa katika chumba hiki ili akae yeye. Wewe uliona."

"Amina!"

"Na mashine yake ya kusaga iko nyuma yangu hapa, imefungwa kwa boliti. Mpe mtumishi wako Gitobu nguvu za kuifungua."

"Amina!" wakasema wote.

Mzee akangoja. Macho yake yalikuwa yamefungwa, fimbo imesimama. "Sijasikia kiongozi wa kwaya."

Gitobu alitazama mchungaji. Mchungaji alikuwa amefumba macho kuliko mtu mwingine yeyote. Akatazama watu. Watu walikuwa wanamtazama.

"Amina," akasema. Hata bati halikusikia.

"Leo, Bwana. Si kesho."

"Amina."

"Kwa mikono yake mwenyewe."

"A... amina."

"Katika jina la Yesu," akasema mzee, na alipofungua macho alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Gitobu akakohoa. "Asante, mzee. Hayo mengine ni mambo ya biashara, tutaongea pembeni."

"Pembeni na nani? Tumeshaongea na Mungu. Nimekusikia ukiitikia. Ama ile amina ilikuwa mchezo?"

"Mimi sina hata spana hapa..."

"Ninayo," nikasema, nikaitoa mfukoni mwa sketi. "Kwa bahati nzuri."

Basi akapiga magoti. Suti ya kijivu, sakafu ya saruji, kichwa chini ya kaunta, na wageni wake wote wamejazana mlangoni, vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Boliti ya mwisho ilikuwa na kutu. Alitoka jasho kama mtu anayelima. Mtu mmoja nyuma akamshauri azungushe upande wa kushoto. Mwingine akasema kulia. Wote walikuwa na nafasi ya kusubiri.

"Mpelekee," akasema mzee Kailemia. "Yuko pale barabarani, amevaa kitambaa."

Gitobu akaibeba ile mashine kifuani, na utepe wake mwekundu, akapita katikati ya viti. Anti alivuta kitambaa nyuma ili uso uonekane. Aliipokea. Hakusema asante.

"Winrose!" akaita mwalimu Nelius, akimwaga kikombe chake kwenye nyasi. "Utafungua lini? Mimi hii yenye ngozi siwezi!"

"Wiki ijayo," akasema Anti, na sauti yake ilikuwa imepona. "Mahali nitapata."

"Stoo yangu ya mahindi iko wazi," akasema mzee. "Ile pale."

Alinyoosha fimbo. Stoo yake inatazamana na mlango wa Gitobu uso kwa uso.

Sasa duka la Anti liko hapo, na asubuhi watu wanakunywa wakiwa wamesimama kwa sababu viti havitoshi. Gitobu ana viti vingi. Hukaa kwenye kimojawapo mlangoni kwake, na rangi yake mpya, akingoja. Mimi kazi yangu wakati wa likizo ni kukaanga. Kahawa ikikaribia kuiva hutoa moshi mtamu unaoingia puani na kukaa huko mpaka jioni, nami nimeona kwamba ukimfikia Gitobu hugeuza kiti.

Jana nililiburura jiko mpaka ukingo kabisa wa barabara.

"Kajuju, kwa nini umesogeza jiko?" akauliza Anti.

"Upepo umebadilika, Anti."

Aliangalia majani ya migomba, hayakuwa yakitikisika. Akaangalia ng'ambo. Kisha akaniletea sufuria lingine la kahawa mbichi, kubwa zaidi.