Taa za Behewa la Tatu

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, fundi wa taa za mabehewa alipindua behewa la tatu la treni yake ya mfano juu ya taulo, akasugua magurudumu yake kwa pamba iliyolowa spiriti. Reli ndogo zilizunguka meza nzima, kutoka kwenye jagi la maji hadi kwenye kibakuli cha chumvi.

"Baba, jioni tutakula wapi?" binti yake aliuliza.

"Jikoni. Hapa ni stesheni."

"Basi nikatie tiketi ya jikoni."

Shida ilikuwa taa. Ukanda wa LED uliobandikwa darini mwa behewa ulipata umeme kutoka relini kupitia magurudumu, na kila gurudumu lilipokanyaga vumbi, taa zilichezacheza. Fundi alilehemu kidaraja cha diodi nne cha kunyoosha umeme, akaongeza kapasita ndogo kama kifutio cha penseli, iweke akiba ya umeme wa kuziba mapengo hayo. Akarudisha paa, akaliweka behewa relini, akawasha, treni ikaanza kuzunguka. Taa zikatulia tuli. Kwenye dirisha la nne alikuwa amekaa mkewe, na blauzi ya njano aliyosafiri nayo miaka miwili iliyopita, siku aliyokufa.

Binti aliinama, akachungulia. "Mama amekonda."

"Hajakonda. Humo kila kipimo kimegawanywa kwa themanini na saba."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakusuka hivyo? Mistari imekwenda upande."

Fundi alisimamisha treni ili waongee vizuri. Alipokata umeme, taa zilishikilia sekunde kumi, zikafifia, behewa likawa tupu. Alipowasha tena mkewe alikuwa amerudi, kakumbatia mkoba.

"Giza limeingia," alisema. "Kama siku ile."

Siku ile treni kubwa ilisimama ndani ya handaki. Taa za mabehewa yake huwashwa na dainamo inayozungushwa na gurudumu. Treni ikisimama, betri ndizo hushika zamu. Betri za behewa la tatu zilikuwa zimekufa. Watu kumi na mmoja, mkewe akiwa mmoja wao, walipapasa gizani, wakafungua mlango wa upande usio sahihi, wakashukia kwenye reli ya pili, na treni nyingine ilikuwa inakuja.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla treni haijaondoka, fundi ndiye aliyekagua. Fomu ya ukaguzi ina visanduku viwili tu: Zinawaka, Haziwaki. Taa za behewa lile zilikuwa zinachezacheza, dalili ya betri zinazokufa. Mafundi wote wa karakana huhesabu taa inayochezacheza kuwa inawaka, kwa sababu behewa lisilowaka taa huzuiwa, na msimamizi hataki kusikia habari ya treni kuchelewa.

"Nani alikagua?" mkewe aliuliza.

Fundi alifuta ncha ya chuma cha kulehemu, ambayo ilikuwa safi tayari.

"Mimi."

"Uliziona zinachezacheza?"

"Niliziona."

Treni ilizunguka kibakuli cha chumvi.

"Nami nilimwambia dada niliyekaa naye, usiogope, hizi taa ni za mume wangu, zitawaka sasa hivi."

Kisha akageuka, akatazama dirisha la upande wa pili.

Jumatatu fundi alipanda behewa la tatu, lile kubwa. Taa zilikuwa zinachezacheza. Hakuweka alama kwenye kisanduku chochote. Pembeni aliandika kwa kalamu: Zinachezacheza, betri zinakufa.

"Fundi, umeharibu fomu," msimamizi alisema, akamletea nyingine.

"Hiyo sitii saini."

"Wewe nawe! Taa zinawaka au haziwaki?"

"Zinachezacheza."

"Basi zinawaka." Msimamizi akaweka alama na kutia saini yake mwenyewe, kisha akamuuliza fundi binti yake anaendeleaje na masomo.

Jioni fundi alikuta binti anakula jikoni na treni inazunguka. Umeme hawakuuzima tena tangu Jumamosi. Akavuta kiti, akainamisha kichwa hadi usawa wa madirisha.

"Leo sikutia saini," alisema.

Mkewe hakugeuka. "Treni imeondoka?"

"Imeondoka."

"Kwa saa yake?"

"Kwa saa yake."

Behewa lilizunguka meza, likarudi, likazunguka tena. Taa hazikuchezacheza hata kidogo, na kila lilipopita mbele yake, fundi aliona vizuri kabisa kisogo cha mkewe.