Leseni ya Mkasi

Mimi nilitaka leseni moja tu, jamani. Nikaitiwa kikao cha ukoo.

Mkasi ni programu niliyoiandika mwenyewe. Unaingiza vipimo vya mteja, inakuonyesha namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa yasibaki matambara. Hesabu ni zangu, ujanja wa kupanga ni wa shangazi, fundi cherehani. Nilipomwambia nataka kuuweka Mkasi mtandaoni watu wautumie bure, alisimamisha cherehani.

"Bure," alisema. "Macho yananiishia kwenye sindano, kumbe kazi yangu ni bure."

Nikamweleza kuna bure ya kutolipia na bure ya kutofaa. Wapi. Jumapili ndugu wakajaa sebuleni. Baba mdogo alikuja na leseni yake ya udereva iwe mfano, akauliza Mkasi utapigwa picha wapi.

"Hauna uso, baba mdogo."

"Sasa polisi wakiusimamisha?"

Nilitamani kupasuka kwa hasira. Nikawaambia leseni za programu, yaani masharti ya kuitumia, zipo nyingi, ila mimi nimebakiza mbili. Ya MIT, mtu anachukua, anabadilisha, hata anauza, mradi asifute jina la mwenye kazi. Ya GPL, akibadilisha na kuwagawia watu, sharti awaachie programu wazi nao kama alivyoachiwa yeye.

"Huyo MIT ni mtoto wa nani?" akauliza shangazi.

"Ni chuo, shangazi."

"Chuo kinachoruhusu watu wauze jasho la wenzao? Simtaki. Huyo wa pili?"

"Ana masharti kama mama mkwe," akadakia baba mdogo.

"Basi ndiye."

Wakapiga kura. GPL akapita bila kupingwa, na baba mdogo akataka kujua lini atakuja kujitambulisha. Shangazi hakucheka.

"Ongeza sharti," aliniambia. "Kila anayetumia ujanja huu amtaje aliyemfundisha. Mimi sina mtoto. Nikifa watu watakata nguo kwa akili yangu, hakuna atakayejua niliwahi kuishi."

Hasira zikaniisha. Iliniuma, maana sikuwahi kulifikiria hilo. Nikaandika sharti, chini yake nikaweka jina lake, nikawasomea.

Mama yangu alikuwa ameketi karibu na mlango tangu mwanzo. Yeye na shangazi ni mawifi wa salamu tu, kwa sababu ambayo sisi watoto hatukuwahi kuambiwa.

"Hapo umesema kila anayetumia," alisema mama. "Ni kila mtu?"

"Kila mtu, mama."

Shangazi alikunja kipande cha kitambaa magotini, akakikunjua, akakikunja tena. Baba mdogo alitaka kusema kitu, mkewe akamfinya.

"Juu ya jina langu," alisema shangazi, "andika la wifi yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, alipoolewa tu humu ndani. Nikawaambia watu nimebuni mwenyewe."

Niliandika. Mama aliinuka, akaja kusimama nyuma yangu, akalitazama jina lake kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu.

"Nilidhani nitakufa hujasema," alimwambia wifi yake.