Shahidi Kutoka Itaka

Asubuhi ya kesi Enesi alifunga mlango wake kule Itaka, akaficha ufunguo chini ya ndoo, na alipogeuka akaukuta mti wa kahawa umesimama nyuma yake. Ulikuwa umekunja mizizi kama mtu anayekwepa tope. Aliupanda mwenyewe juu ya kitovu cha mwanawe Damiano, siku kilipodondoka.

"Twende basi," aliuambia. "Tusichelewe."

Konda wa gari la abiria, Noah, aliuliza kama huo ni mzigo au abiria. Enesi akasema abiria, wakapewa kiti cha nyuma.

Damiano alikuwa ameiba bodaboda Mlowo, akakamatwa nayo mpakani Tunduma. Hilo hakulikana, wala mama yake hakumtetea. Ila alikuwa na miaka kumi na tano, na cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Polisi walimpima kwa macho, wakaona mrefu, wakaandika kumi na tisa. Macho ya polisi, kama tujuavyo, hayakosei. Kwa kumi na tano angepelekwa shule ya maadilisho. Kwa kumi na tisa, gerezani pamoja na mijibaba.

Mahakamani, afisa kilimo aliukagua mti kuanzia shina hadi kilele.

"Miaka kumi na tano, mheshimiwa. Umetunzwa vizuri."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Umri wa mti hatuupingi, mheshimiwa. Lakini aliyeshtakiwa si mti."

Hakimu alikubaliana naye. Akaushukuru mti kwa kufika, akamfunga Damiano miaka mitatu. Enesi aliumia mpaka akasahau kulia.

Mti haukurudi Itaka. Ulijichimbia mizizi nje ya uzio wa gereza, na Enesi akawa anakuja kuupalilia. Jumapili moja alikuta tawi limevunjika, na upepo haukuwapo.

"Damiano aliteleza bafuni," askari wa zamu alimweleza kabla hajaulizwa. "Ni mkono tu."

Enesi alilifunga tawi kwa kipande cha kanga yake, na safari hii akalia, palepale, mbele za watu.

Kahawa ilipoiva, askari waliichuma, wakaikaanga, wakaisifu sana. Enesi akaomba kikombe kimoja tu kimfikie mwanawe.

"Hapana, mama," askari wa zamu alimjibu kwa upole. "Yule bado mtoto. Kahawa itamnyima usingizi."

Enesi akamshukuru, akainama kuendelea kupalilia.