Mahudhurio ya Kobe

Shule yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuitikia "Afya!" Tuliomaliza mwaka ule tulikuwa kumi na mmoja, na mmoja wetu alikuwa amerudia darasa, kwa hiyo hata hao kumi na mmoja walihesabiwa kwa huruma.

Tulikuwa na desturi moja. Siku ya kuaga, wanaomaliza huwakalisha walimu kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigonga mbao, kisha kiranja huwaita majina kama wanavyotuita sisi kila asubuhi. Mwalimu akiitwa haitikii mwenyewe. Anaitikiwa na mwanafunzi anayemwigiza: sauti, mwendo, kikohozi na yote. Mwalimu akicheka, amefaulu. Akinuna, amefeli, na anatangaziwa hivyo mbele ya wazazi.

Mwaka ule dawati moja lilikuwa tupu. Mwalimu wa hesabu, ambaye shule nzima ilimwita Kobe kwa mwendo wake, tulimzika miezi miwili kabla ya mitihani. Moyo ulimsimama akiwa sebuleni anasahihisha madaftari yetu. Alikuwa baba yangu.

Asubuhi ya sherehe, kiranja wetu, Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuzimika, alinivuta nyuma ya tangi la maji.

"Tumekubaliana tumruke mzee," akasema.

"Mmekubaliana na nani?"

"Sisi wote. Mama yako atakuwepo. Hatutaki kumtonesha kidonda."

"Miaka minne mmemwigiza mpaka mkakauka koo, leo ndiyo mmepata adabu?"

"Usikasirike, dada. Na nani atamfanya?"

"Mimi."

Redio akanitazama. "Wewe hujawahi hata siku moja."

Hapo alisema kweli. Wenzangu wote walijua kumwigiza Kobe, mimi sikuthubutu. Siku yangu ya kwanza pale shuleni alinisimamisha getini, akaniambia, "Ukivuka hapa mimi si baba, ni mwalimu." Nikavuka, nikamwita mwalimu miaka minne.

Hilo nililimeza. Lililonikaa kooni ni mahudhurio. Kila asubuhi aliita majina, na kila mmoja alipaza sauti, "Nipo!" Akifika kwangu, mwisho wa orodha, haniiti. Anainua miwani, ananitazama, anaweka alama ya vema, anasema, "Huyu nimemwona asubuhi." Darasa linaangua kicheko, daftari linafungwa.

Ni kweli aliniona. Mama ni muuguzi, anatoka alfajiri, kwa hiyo chai ya asubuhi tulikunywa wawili, mimi na yeye. Lakini nilitaka kuitwa kama wenzangu. Katika somo lake nilikuwa napata kumi na nane kwa mia. Hesabu sikuijua, ila hii niliijumlisha mwenyewe: baba ananionea aibu. Sikumuuliza. Nilimnunia tu, kimya kimya, mpaka tulipomzika.

Nilitaka aitwe siku ile. Desturi ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya walimu wengine, na nilijua tukimruka leo, mwakani hakuna atakayekumbuka kwamba aliwahi kuwepo.

Sherehe ikaanza. Mkuu wa shule aliigizwa akitafuta funguo alizozishika mkononi, akacheka hadi machozi. Mwalimu wa kemia akanuna, akafelishwa, wazazi wakapiga makofi. Redio akashuka kwenye orodha, akafika penye jina la Kobe, akaliruka.

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa koti lake la kahawia, mikono ikinipita vidole, chaki zikiwa bado mfukoni. Nilikwenda mbele kwa mwendo wake, na nilichukua muda mrefu hivi kwamba kabla sijafika katikati kuna mtu alishaanza kukohoa kicheko. Nikamnyang'anya Redio orodha yake, nikatoa ndani ya koti daftari la mahudhurio la darasa letu, lenye mwandiko wa baba, nikalifungua.

"Anayejua, anyamaze," nikasema kwa sauti yake. "Asiyejua, aje mbele."

Ukumbi ukalipuka. Nilimtafuta mama, amekaa mstari wa mbele na sare yake nyeupe ya kazini. Mkono uko mdomoni, mabega yanatikisika. Nikaogopa. Kisha mkono ukashuka nikaona meno. Mama alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikapata nguvu. Nikaita wenzangu mmoja mmoja.

"Nipo, mwalimu!" Redio akaitika.

"Wewe upo. Akili umeiacha na nani?"

Wakaitika wote kumi, na kila mmoja nilimpa dawa yake. Nikafika mwisho wa orodha, kwenye jina langu. Nikafungua mdomo. Sauti ya baba ilikuwepo, jina halikutoka.

Sikujua angelitamkaje. Sijawahi kulisikia kinywani mwake. Ni jina la bibi yangu, aliyemzaa yeye, na nyumbani baba aliniita Mama tu. "Mama, lete sukari." "Mama, hesabu hii umeifanya kwa mguu?" Nikasimama pale na koti lake, watu wote wakinisubiri, ndipo nikaelewa. Jina la mama yake mzazi hawezi kulipayuka mbele ya watoto wa watu. Na kuniita Mama hawezi, kwa kuwa tulishavuka geti. Hakuwa na la kuniita. Miaka minne mtu yule alinitafutia jina darasani akalikosa, akaniambia mbele ya wote kitu pekee alichokuwa nacho, na mimi nikamnunia. Nilikosea hesabu hata ile moja niliyoifanya mwenyewe.

Nikainua miwani ambayo sikuwa nayo. Nikatoa kalamu, nikaweka alama ya vema.

"Huyu nimemwona asubuhi."

Walicheka mpaka madawati yakalia. Mkuu wa shule akatangaza kwamba Kobe amefaulu, watu wakasimama kumpigia makofi. Mama peke yake hakusimama, na hakuwa akicheka tena. Aliniambia baadaye kwamba mchana ule, alipotoka zamu, kabla ya kuja shuleni alipitia nyumbani kubadili viatu, akaona meza nilivyoiacha: vikombe viwili, changu kitupu, na cha baba, nilichokimiminia asubuhi ile kwa mazoea, kimejaa chai iliyopoa.