Gideon wa Kaseti

Kaseti ile François hakuinunua wala hakupewa. Aliikuta. Mwaka aliokodi chumba cha ushonaji pale Doornfontein, mjini Johannesburg, fundi aliyemtangulia alikuwa amehama kwa haraka na kuacha vitu vitatu: pasi iliyoungua waya, mfuko wa vifungo visivyofanana, na redio kubwa ya kaseti iliyokwama mlango, kaseti ikiwa ndani. François aliufungua kwa ncha ya mkasi, akaitazama kaseti, akairudisha. Tangu siku hiyo mpaka mwaka 2017, miaka kumi na mitatu kamili, redio ile haikuwahi kuimba kitu kingine saa za kazi.

Karatasi ya kaseti ilikuwa na maneno machache. Wilfred Tladi na Bendi Yake, na chini yake, kwa herufi za kukaza macho, kwamba muziki ulirekodiwa mbele ya watu katika ukumbi mmoja wa Johannesburg. Ni hayo tu. François hakuwa mtu wa jazi. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, amelelewa na magitaa matatu yanayobishana. Lakini fundi akisikia kitu kimeshonwa vizuri atakijua, hata kama ni nguo asiyoivaa.

Tladi hakuwa na sauti ya kupasua vioo. Aliimba kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ukuta. Alichelewa kidogo nyuma ya muziki, ukidhani ameachwa, kisha ukamkuta yuko mbele anakungoja. Na waliokuwa nyuma yake hawakumsukuma. Piano ilimjibu kwa maneno mawili matatu, ikanyamaza. Saksafoni ilijua kusubiri zamu. Dramu ilipigwa kwa brashi, taratibu, kana kwamba kuna mtu anafagia chumba cha pili. Kila mmoja aliacha nafasi, na katika nafasi hiyo mwingine alipumua. François, ambaye alikuwa na mke, watoto watatu na chumba kimoja na nusu kule Berea, aliliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Kaseti ilikuwa pia saa yake ya kazi. Upande wa kwanza ulitosha kuunga mikono miwili ya koti. Upande wa pili ulitosha kola na mifuko. Ila kulikuwa na mahali pamoja, wimbo wa tatu wa upande wa pili, ambapo alitoa mguu kwenye cherehani, kazi iwe ya haraka au ya bwana harusi. Hapo Tladi anamaliza beti, anarudi nyuma hatua moja, na unamsikia akiita: "Ngena, Gideon!" Yaani ingia, Gideon. Kisha besi kubwa, ile ya kusimama, inayomzidi mpigaji kwa kimo, inaanza kusema peke yake. Kelele ya cherehani ingeimeza yote, na François hakukubali imezwe. Wateja walishazoea kungoja.

Sasa kuhusu huyo Gideon. Kule kwao François, mwimbaji akitaja jina la mtu katikati ya wimbo, kila mtu anajua kilichotendeka. Mwenye jina ameingiza mkono mfukoni. Wakongomani wanaita kurusha libanga, na kuna watu wamesahau karo za watoto ili wasikie majina yao yakirushwa. Kwa hiyo François aliposikia Tladi anawaita Gideon, Josias, Nimrod na Boykie, hakujiuliza mara mbili. Aliwahesabu kuwa ni matajiri wa enzi hizo, wenye maduka na malori. Gideon, kwa jinsi alivyoitwa kwa mapenzi, lazima alikuwa na malori mengi kuliko wote. Alimweleza hivyo kila mteja aliyeuliza, na wengi wasiouliza.

Jumanne moja ya mwezi wa nane aliingia mzee mmoja mrefu, amebeba koti jeusi mkononi. Alisalimia kwa Kizulu cha pole pole, kile ambacho watu wa mjini humwekea mgeni. Koti lilikuwa limemzidi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa amepungua. Alitaka mikono ifupishwe na mabega yaingizwe ndani. Alilihitaji Jumapili, kuna shughuli ya kumkumbuka rafiki.

François alilipindua koti, akalikagua kama kawaida yake. Kitambaa kizuri cha zamani, mshono wa mkono. Upande wa kushoto tu, usawa wa nyonga, kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa laini na chenye kung'aa, na bitana ya hapo ilishatobolewa na miaka. "Baba, ulikuwa unabeba mizigo?" aliuliza.

"Aina fulani ya mzigo," mzee alisema, akaketi kwenye kiti cha wateja.

François akaanza kufumua mkono wa kushoto pale pale, kusudi mzee aone kazi inaanza. Kaseti ilikuwa upande wa pili. Alipomaliza kufumua alikaa kwenye cherehani, akachukua suruali ya mtu mwingine iliyobaki pindo, na wimbo wa tatu ukafika. Akatoa mguu. Chumba kikabaki na besi peke yake.

Mzee alikuwa ameinua kichwa. Alingoja mpaka besi ikamaliza na watu wa kwenye kaseti wakapiga makofi. "Mbona umesimamisha mashine?"

"Sipendi hapa papitwe, Baba. Huyu mtu wa besi, sijui ni nani. Hawakumwandika. Lakini nakuambia, hakuna mwingine."

Uso wa mzee ulilegea. Alikuwa karibu kutabasamu. "Na huyo Gideon aliyeitwa?"

"Aa, huyo!" François alicheka, kwa raha ya mtu aliyeulizwa anachokijua. "Huyo ni tajiri aliyewalipa. Alitaka jina lake lisikike. Hata kwetu wapo wengi. Hawajui kushika hata ngoma, lakini jina lazima liimbwe."

Mzee alisimama, akavuta sweta lake chini, akaelekea mlangoni. François, ambaye huandika jina la mteja mwisho, akachukua kikaratasi na pini. "Jina, Baba? Nilibandike kwenye koti."

"Andika Gideon," mzee alisema bila kugeuka. "Yule tajiri."

François alibaki na pini mkononi. Alilitazama koti mezani, pale nyongani palipolika. Besi kubwa huegemea nyonga ya kushoto ya mpigaji. Alikuwa ameona picha za namna hiyo mara nyingi. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, akaizima redio, na alasiri yote akashona bila muziki.

Jioni alimsimulia mkewe, Marthe, aliyekuwa ametoka saluni na miguu imevimba kwa kusimama. Marthe hakuwahi kuipenda kaseti ile. Aliiita muziki wa watu wanaosinzia. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Papa Joël, weye njo ulimwambia vile? Mu macho yake?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Mi sikujua ni yeye."

"Miaka kumi na tatu unasikiliza mutu, na haumujui? Na unamuita mutu wa kulipa?" Alitikisa kichwa. "Ule muzee, shona koti yake vizuri. Na akirudi, omba masamaha ya kweli, hapana ile yako ya kuzunguka-zunguka."

François alilishona koti lile siku tatu. Alifupisha mikono, akaingiza mabega, akaweka bitana mpya yote. Pale palipolika nyongani hakuweka kiraka juu. Alipaimarisha kwa ndani, kwa mishono midogo isiyoonekana, ili pabaki jinsi palivyo lakini pasiendelee kuchanika. Kwa koti la mtu mwingine asingejisumbua hivyo.

Mzee Gideon alirudi Jumamosi asubuhi. Alilivaa koti mbele ya kioo, akanyoosha mkono wa kushoto juu na wa kulia chini, kama anashika kitu kikubwa asichokuwa nacho. Lilimkaa. François alisimama nyuma yake na kusema moja kwa moja, alivyoagizwa, kwamba alikosa, kwamba kwao majina huitwa kwa malipo, na kwamba kwa ujinga wake alidhani ni hivyo duniani kote.

Mzee alimtazama kwenye kioo. Alionekana kuchoka zaidi kuliko kukasirika. Akaketi.

"Hatukuwa na karatasi ya noti," alisema. "Wilfred ndiye alikuwa karatasi yetu. Hakuna aliyejua ataimba beti mbili au tano usiku huo, hata yeye mwenyewe. Mimi napiga macho yamefungwa, siwezi kumwangalia mkono. Kwa hiyo aliniita. Nisipoitwa, siingii. Miaka thelathini na moja." Akaigusa karatasi ya kaseti pale juu ya redio. "Waliotengeneza hii waliandika jina lake, wakasema na bendi yake. Josias amekufa, Nimrod amekufa, Boykie amekufa. Majina yetu yako mahali pamoja tu, mdomoni mwa Wilfred. Na Wilfred alitutoka mwaka jana. Kesho tunamkumbuka ukumbini, nami nitapiga nyuma ya mwimbaji mwingine."

François aliuliza kama huyo mwimbaji wa kesho atamwita. Mzee akacheka kidogo, pasipo furaha. Huyo wa kesho ni kijana, ana sauti safi, ana heshima, na ana karatasi. Kila kitu kimehesabiwa. Baada ya beti ya pili, Gideon ahesabu nane kisha aingie.

"Si umwambie tu akuite?"

"Mtu hasemi niite jina," mzee alijibu. "Akiniita kwa kuwa nimeomba, hiyo ndiyo ile yenu ya kulipa."

Akatoa hela ya koti. François akakataa. Mzee akaiweka juu ya cherehani, akasema kazi ni kazi, akalisoma jina la François kwenye kibao cha mlangoni, akaenda.

Jumapili alasiri François na Marthe waliketi safu ya mwisho ya ukumbi aliokumbukiwa Tladi. Tangazo la mlangoni lilikuwa na picha kubwa ya Tladi na ndogo ya kijana, na chini yake neno moja: bendi. Ukumbi ulijaa wenyeji waliovaa vizuri, wanaojuana. François hakusema neno tangu walipoingia. Mwaka ule kulikuwa na maneno mengi mitaani juu ya wageni, na watu kama yeye walikuwa wamejifunza kufunga mdomo kwenye teksi na kwenye foleni, kwa sababu lafudhi hutangulia pasipoti.

Kijana aliimba vizuri. Haikuwa haki kumchukia, ingawa François alijaribu. Mzee Gideon alisimama kando ya piano na besi yake, koti limemkaa barabara, macho yamefungwa, na vidole vyake vilikuwa vile vile vya kwenye kaseti, polepole kidogo. Kisha ukaja wimbo ule.

Beti ya kwanza. Beti ya pili. Kijana akarudi nyuma hatua moja, kama Tladi, akainamisha kichwa. Wengine wakanyamaza kumpisha mzee. François alihesabu pamoja naye: sita, saba, nane.

Mzee hakuingia.

Alisimama tu, kidole juu ya waya, uso umeinuliwa upande alipokuwa kijana. Mpiga piano akamtazama, akazungusha muziki tena kumrudisha mwanzo wa hesabu. Nane zikapita mara ya pili. Watu wakaanza kukohoa. Mama mmoja safu ya mbele akanong'ona kwamba masikini, amesahau. Kijana aliangalia karatasi yake na jasho likimtoka. François alijua kwamba mzee hakusahau chochote. Mwili wake ulikuwa mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja aliitwa, na ulikuwa unangoja. Zikipita nane za tatu, piano itaendelea bila yeye, na watu watakwenda nyumbani na habari ya mzee aliyeshindwa.

Aliogopa. Hilo lazima lisemwe. Aliiogopa sauti yake mwenyewe mbele ya watu wale mia tatu. Marthe alimwona anavyoshika kiti cha mbele. "Papa Joël," alinong'ona, "unangoja nini?"

François akasimama. Aliita kwa tuni ile ile ya Tladi, akachelewa kidogo nyuma ya muziki kama alivyomsikia akichelewa mara elfu, na koo la Lubumbashi likajaa ukumbi wa Johannesburg:

"Ngena, Gideon!"

Vichwa vikageuka safu kwa safu. Kabla havijafika kwake, besi iliingia. Ilianza chini, na ikapanda polepole, na ikawa ile ile. Mzee hakufungua macho. Vichwa vilirudi mbele, vyote, na hakuna aliyeuliza yule aliyesimama ametoka wapi. François aliketi.

Makofi yalikuwa marefu. Yalipotulia mzee Gideon aliegemea kipaza sauti cha mpiga piano, besi ikiwa bado nyongani.

"Piano, Josias," alisema. "Dramu, Nimrod. Saksafoni, Boykie. Sauti, Wilfred." Aliwataja mmoja mmoja, akiwaachia nafasi. Halafu akafungua macho, akatazama kule nyuma. "François."

Watu wakapiga makofi, huku wakitafuta jukwaani huyo wa mwisho anapiga chombo gani. Marthe alimshika mumewe mkono kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini ulimi wake haukuwa umeacha ukali.

"Jina yako, mbele ya watu wote," alisema. "Ulimulipa ngapi?"

"Sikumulipa kitu," François alisema, naye analia waziwazi. "Hata ile koti, yeye njo alilipa."